Vigingi Kumi na Viwili kwa Ma Nyamwiza

Ninyi vijana mkisikia neno serikali, mnafikiria majengo. Mimi nikilisikia, bega langu la kushoto linaniuma. Serikali niliibeba mwenyewe, wanangu, miaka ile ya Mwingereza, kutoka Bukoba hadi Kamachumu, na kuteremka mpaka Muleba: jembe moja, panga moja, kitabu cha ukaguzi chenye jalada la kijani, na mzigo wa vigingi kumi na viwili vilivyopakwa chokaa. Baiskeli nilipewa baadaye, nilipokuwa sina tena magoti ya kuipandisha mlimani.

Kazi yangu ilikuwa kukagua migomba. Kwenye barua za ofisi cheo changu kilikuwa kirefu kama treni, lakini watu walikifupisha. Waliniita Bwana Fukusi. Fukusi ni yule mdudu mweusi, mdogo, mwenye pua ndefu, anayetoboa shina la mgomba chini ya ardhi mpaka upepo mdogo tu ukija mgomba mzima unalala. Niliitwa hivyo miaka ishirini na tatu, na mpaka leo kuna mama mmoja wa Kagondo akiniona kanisani husema, "Fukusi hajambo?" Nami hujibu hajambo. Ningefanyaje?

Mjukuu wangu anasomea mambo ya utawala. Likizo iliyopita alikuja na daftari, akaniuliza, "Babu, dola inapataje nguvu, na inazilindaje?" Nikamwambia weka kalamu, shika kisu, menya ndizi na mimi, nikueleze habari za Ma Nyamwiza. Hakujua kumenya, alikata nusu ya ndizi pamoja na ganda. Habari alizipata, lakini chakula cha mchana kilichelewa. Sasa nawaandikia ninyi wengine.

Aliyenifundisha kazi ni Ta Bartazari (Ta kwetu ni baba, kama Ma ni mama), mkaguzi wa zamani kuliko sisi sote, mtu wa Kagondo, mfupi, mwenye kofia ambayo sikuwahi kuiona nje ya kichwa chake isipokuwa mbele ya padre na mbele ya mgonjwa. Mbele ya Mzungu aliigusa tu. Alinifundisha kumtega fukusi: ukishakata mkungu, chukua kipande cha shina, kipasue katikati, kilaze juu ya udongo karibu na kisiki, upande wenye maji uangalie chini. Asubuhi unakifunua, unawakuta wamejipanga wanakula. Waokote, usiwasamehe. Alinifundisha kuchonga miche kabla ya kupanda, kuondoa ngozi yote ya chini mpaka ibaki nyeupe tupu, maana mayai hukaa kwenye ngozi. Na alinifundisha kwamba kisiki kilichokatwa lazima kifukiwe, la sivyo umemjengea fukusi nyumba ya wageni. Hayo yote ni kweli mpaka leo, nendeni mkajaribu.

Lakini somo lake la kwanza halikuwa la mdudu. "Severini," aliniambia, "usiingie kibanja cha mtu, shamba lake la migomba lenye nyumba ndani, kwa nyuma. Ingia kwa mbele, mahali majani yalipotandikwa. Uliza afya ya watu kabla ya afya ya migomba. Na ukipewa kahawa, tafuna."

Kahawa aliyoisema si ya kunywa. Kwetu Buhaya kahawa hutafunwa, mbivu iliyochemshwa na majani yenye harufu nzuri, ikakaushwa. Mgeni akifika, huletewa katika kikapu kidogo, akachukua punje mbili tatu. Ukishatafuna kahawa ya nyumba, umekuwa mgeni wa nyumba, na mgeni hawezi kuiumiza nyumba hiyo. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo mahali popote, na kila mtu aliijua.

Basi mwaka wangu wa pili ofisi ikatoa agizo. Wakaguzi wengine walikuwa wakikaribishwa rubisi, pombe yetu ya ndizi, wakanywa mpaka wakaandika kwamba migomba iliyolala chini ni mizima. Kwa hiyo tukaambiwa: mkaguzi asipokee kitu chochote nyumbani kwa mkulima, hata maji. Ta Bartazari alilisikiliza agizo, akaigusa kofia, akaendelea kutafuna kahawa za watu kama kawaida. Mimi, kijana mwenye kaptula mpya ya kaki yenye mikunjo inayoweza kukata mkate, nililishika agizo kama amri ya kumi na moja.

Kwa ari hiyo hiyo ya utii nikafika kwa Ma Nyamwiza, Kamachumu ya juu.

Alikuwa mjane. Mume wake alizikwa pale pale kibanjani, upande wa juu, katikati ya migomba mitatu mikubwa. Mwanawe mmoja tu, Rwegoshora, alikuwa Uganda kutafuta maisha, na mama alikuwa anamtunzia kibanja. Alitoka mlangoni na kikapu mkononi, akapiga magoti kunisalimu, mama wa umri wa bibi yangu.

"Karibu, mwanangu. Chukua kahawa."

"Asante, mama. Sheria hairuhusu."

Akanitazama toka viatu mpaka kofia. "Sheria gani inakataza kutafuna?"

"Ya serikali."

"Mawe, mama wee! Kwani serikali haina meno?"

Wale vibarua wa gombolola, eneo la chifu mdogo, niliokuja nao wakacheka. Mimi sikucheka. Nikaingia shambani. Agizo la ukaguzi lilisema: chimba mashina kumi, ukikuta fukusi katika zaidi ya nusu, ng'oa yote. Nikachimba kumi, nikakuta saba. Nikaamuru yote ing'olewe, ikatwe vipande, ikaushwe juani. Kazi ilichukua siku mbili. Ma Nyamwiza hakupiga kelele. Aliniomba jambo moja tu, nimwachie ile mitatu ya kaburini.

Nikamjibu, na maneno haya nayakumbuka kuliko ya kiapo changu cha ndoa: "Fukusi hajui kaburi."

Ta Bartazari angeiacha. Angeitega, angeifukia vizuri, angerudi kila wiki kuitazama. Hiyo ndiyo tofauti ya mtu anayejua kazi na mtu anayejua agizo. Nikaandika kwenye kitabu changu cha kijani kwa mwandiko mzuri sana: "Migomba yote imeng'olewa. Hakuna uliobaki." Nikapiga mstari chini.

Baada ya majuma kama sita Ta Bartazari akanifuata Muleba, nilikokuwa nakagua kando ya barabara ya Biharamulo. Alikuwa ametembea toka Kamachumu, na hakukaa kwanza.

"Kwa Ma Nyamwiza uling'oa vizuri?"

"Vizuri sana, Ta Bartazari."

"Twende ukaone ulichopanda."

Tulipofika nilikuta kibanja kile cheupe, jua linapiga udongo mahali ambapo zamani ulihitaji kuinama kupita. Na kuzunguka kibanja chote kulikuwa na milamula mipya, imechomekwa juzi juzi. Kwa wasiojua, mulamula ndio mti wetu wa mpaka. Ukiuona umechomekwa, mtu amesema: hapa pangu. Aliyeichomeka ni shemeji wa mwami, yule chifu wa gombolola, bwana mmoja mnene mwenye ng'ombe wengi na migomba michache.

Haki yake ilikuwa hii. Kwa desturi, kibanja chenye migomba kina mwenyewe. Kibanja kilichokauka ni pori, na pori ni la Mukama, mtawala wetu, naye humpa amtakaye kupitia mwami wake. Ma Nyamwiza alikuwa ameambiwa avune maharage yake, kisha ahame. Rwegoshora akirudi kutoka Uganda angekuta kaburi la baba yake ndani ya kibanja cha mtu mwingine.

Mama alikuwa amekaa mlangoni. Kikapu hakukileta. "Bwana Fukusi," alisema, "safari hii umekuja kuning'oa mimi?"

Nasema wazi, vijana wangu, bila kuona haya: nililia. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia na kaptula yangu ya kaki.

Nilipofuta macho nikaenda mbio kwa mwami barazani, Ta Bartazari nyuma yangu. Alinipokea vizuri, akanipa kiti. Nikamwambia kibanja kile si pori, kina mwenyewe, migomba iling'olewa kwa ugonjwa tu.

"Bwana Kilimo," alisema kwa upole, "nani amesema hakuna mgomba uliobaki? Mimi? Karani wangu amenisomea nakala ya kitabu chako. Umepiga na mstari."

Hapo ndipo nilipojua uzito wa kile kitabu. Nilidhani nimeandika habari za mdudu, kumbe nimeandika hati ya kumfukuza mama wa watu.

Njiani kurudi Ta Bartazari alisimama mahali ambapo ziwa linaonekana, akakaa juu ya jiwe. Nikadhani atanigombeza. Badala yake akaanza habari za babu yake.

"Zamani," alisema, "Mukama mbaya alikuwa na dawa yake. Watu walikunja mikeka, wakachukua mbuzi, wakavuka kwenda kwa Mukama jirani. Huyo jirani aliwapokea kwa ngoma. Mukama bila watu ni mtu mwenye fimbo nzuri tu. Kwa hiyo hata yule mkali aliangalia nyuma, akajiuliza, je, wananiacha? Akaja Mdachi, akaja Mwingereza, wakaandika kila mtu na mahali pake. Mtu akihama, anatafutwa. Mukama akaacha kutuogopa sisi. Na mwami wake vilevile. Sasa niambie, Severini, siku hizi mwami anamwogopa nani?"

"Boma ya Mwingereza," nilisema.

"Haya. Na Boma inafika kwake kwa miguu ya nani?"

Nikatazama miguu yangu. Akaigusa kofia yake, kama vile nimekuwa Mzungu, akasema, "Kile kitabu chako kimeisha kurasa?"

Kulikuwa na ukurasa mwingine. Mkaguzi aliweza kuchagua kibanja kiwe shamba la mfano, mahali ambapo serikali inaonyesha watu namna ya kupanda upya migomba safi. Kikishawekewa vigingi vyeupe, hakuna mtu mwingine anayekigusa. Lakini kabla ya kuweka vigingi lazima kibali kitoke kwa Bwana Mkubwa wa Kilimo, Bukoba, na barua ya kibali ilikuwa inachukua mwezi. Maharage ya Ma Nyamwiza yalikuwa yamebakiza wiki moja.

Nikaweka vigingi bila kibali. Vyote kumi na viwili, kuzunguka kibanja, kila kimoja mbele ya mulamula mmoja wa shemeji. Nilivipigilia kwa haraka hadi nikajipiga kidole. Nikaandika kitabuni: "Shamba la mfano." Safari hii sikupiga mstari.

Kesho yake asubuhi shemeji akaja na watu wake na majembe. Akasimama.

"Nani ameweka vijiti hivi?"

"Serikali," nilisema.

"Serikali ipi?"

"Hii unayozungumza nayo."

Akavitazama. Vilikuwa vijiti, wanangu. Vijiti vya mti hafifu, chokaa yake unaifuta kwa kidole, mbuzi angeweza kuving'oa kwa kujikuna. Na yule bwana mwenye watu sita na majembe sita hakuvigusa. Akazunguka kibanja chote kwa nje, akarudi alikotoka. Mjukuu wangu alipofika hapa akataka tena kuandika. Nikamwambia ngoja, bado hujaona kigingi kinavyoweza kukugeukia.

Maana mwami hakuwa mjinga. Aliandika Bukoba kuuliza: shamba la mfano la Kamachumu limeruhusiwa na nani? Jibu likaja kwamba Bwana Mkubwa atakuja mwenyewe kulitazama, baada ya wiki tatu. Na pale palikuwa na nini cha kutazama? Udongo, kaburi, na vijiti.

Nikamwambia Ma Nyamwiza ukweli wote. Akanisikiliza, akauliza, "Kwa hiyo umewadanganya wakubwa zako?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya kosa langu."

"Basi tuufanye uongo wako uwe kweli," alisema. Akatoka kwenda kuwaita wanawake.

Sijapata kuona kazi kama ile. Wakaja wa Kilutheri wakiimba nyimbo zao, Wakatoliki wakasikia, kesho yake wakaja wengi zaidi na nyimbo ndefu zaidi. Kila mmoja na miche kutoka kibanja chake. Nikakaa nao nikiwaonyesha kuichonga mpaka nyeupe, na mama mmoja akaninyang'anya kisu akisema nachonga kama mtu anayenyoa mtoto mkorofi. Wengine wakabeba samadi, wengine majani ya kutandika. Ta Bartazari alikuwa akipita kukagua mashimo kwa fimbo, na shimo lisilofika kwenye alama ya fimbo lilirudiwa. Mche wa kwanza ulipandwa kaburini, na aliyeupanda ni Ma Nyamwiza peke yake.

Bwana Mkubwa alipofika na gari lake, akiwa na mwami na shemeji, miche ilikuwa imefungua jani la kwanza, mistari imenyooka, majani yametandikwa vizuri, mitego ya fukusi imelazwa. Akatembea mstari kwa mstari. Akachimbua mche mmoja, akautazama chini, akaurudisha. Kisha akanigeukia.

"Kibali kiko wapi?"

Nilikuwa nimetunga uongo mzuri sana wa posta. Nikautazama uso wa Ta Bartazari, na uongo ule ukanikataa kinywani. Nikasema, "Bwana, sikuomba. Niling'oa migomba ya mama huyu yote, hata niliyoweza kuponya. Kitabu changu kikamnyang'anya kibanja. Nikaweka vigingi ili kumrudishia."

Akawa mwekundu. Alisema mengi, sehemu kwa Kiswahili chake cha jeshini, sehemu kwa lugha yake, ambayo nilielewa kwa sauti tu. Kazi nikaiona inakwenda, na kaptula pia, maana ilikuwa ya serikali.

Katikati ya maneno yale Ma Nyamwiza akaja na kikapu. Akapiga magoti mbele ya Bwana Mkubwa, yule yule aliyetoa agizo la kutopokea kitu. Mzungu alikuwa amekaa Bukoba miaka mingi. Desturi aliijua. Akavua kofia, akachukua punje mbili, akazitafuna. Nyuma yangu Ta Bartazari akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua.

"Severini," mama alisema kwa Kihaya, "mwambie hivi. Vijiti vyake vimeniokoa, nashukuru. Lakini kibanja kikiwa cha serikali, mimi hapa ni nani? Nimekimbia mdomo wa shemeji nimeingia mdomo wake?"

Nikatafsiri neno kwa neno, na mdomo nao sikuuruka.

Bwana Mkubwa akatafuna kwanza. Msidhani alikuwa malaika. Watu wengi walikuwa wameanza kufunga njia za vibanja vyao tukija, na yeye alihitaji mahali pamoja pa kuwaonyesha wakubwa zake kwamba agizo lake la kung'oa linaotesha kitu. Kila mtu na anayemwogopa. Akaniomba kitabu, akaandika kwa mkono wake: shamba la mfano mpaka mkungu wa kwanza ukomae, kisha vigingi viondolewe. Halafu akauliza, "Jina la mwenye kibanja?"

Mwami akafungua mdomo. Mama akawahi. "Nyamwiza," alisema, "mjane, mama wa Rwegoshora." Likaandikwa. Mwami akatazama viatu vyake, na shemeji akakumbuka kwamba ng'ombe wake hawajanywa maji. Milamula yake aliing'oa mwenyewe Jumamosi iliyofuata. Mimi nilikatwa likizo yangu yote ya mwaka ule, na nilistahili.

Mkungu wa kwanza ulikomaa baada ya mwaka na miezi kadhaa. Nikaenda kuchukua vigingi, maana stoo walivitaka kwa idadi. Nikaingia kwa mbele. Nikauliza afya ya watu. Rwegoshora alikuwa amesharudi, yuko juu ya paa anaezeka, akanisalimu kutoka huko huko. Vigingi nilivikuta vimepangwa mlangoni, vimefutwa udongo, kumi na moja.

"Kimoja kiko wapi, mama?"

Akanipeleka kaburini. Ule mgomba aliopanda kwanza ulikuwa umebeba mkungu mkubwa mno, umeinama, karibu uanguke. Alikuwa ameufunga kamba kiunoni, kamba ikavutwa nyuma, na mwisho wake umefungwa kwenye kigingi changu, kimepigwa chini mpaka chokaa yote imeingia ardhini.

"Hiki sikupi," alisema. "Kimepata kazi."

Kisha akanyoosha kikapu, akanitazama toka viatu mpaka kofia kama siku ile ya kwanza.

"Haya, Bwana Fukusi. Leo serikali ina meno?"

Nilichukua punje tatu. Nikazitafuna nimesimama pale pale, machozi yananitoka, na mama ananicheka. Halafu nikafungua kitabu cha kijani nikaandika: "Vigingi kumi na moja vimerudi. Kimoja kimebaki kwa mwenye kibanja, kinashikilia mgomba." Nikapiga mstari chini.